Kariakoo hadi Luthuli: Kompyuta Inachelewa Wapi?

Anayetaka kujua kompyuta za Afrika Mashariki zinaishi maisha gani asianzie kwenye vioo vya maduka makubwa ya kisasa. Aanzie Kariakoo, kwenye msongamano wa mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake, apandie basi kituo cha Magufuli kule Mbezi, apite Chalinze, Segera, Same na Moshi, apumzike Arusha, avuke mpaka Namanga, kisha ashukie Nairobi na kutembea kwa miguu hadi barabara ya Luthuli. Ni kilomita takriban 900, na toka mwanzo hadi mwisho bidhaa ni ile ile: ThinkPad nyeusi za Lenovo, EliteBook za HP, Latitude za Dell, zote zimekwishatumika kwa watu wengine. Nimeifuata barabara hii nikiwa na swali la fedha zaidi kuliko la ufundi: mtu mwenye kompyuta nzito na akiba ndogo, akiba hiyo aiweke wapi kwanza? Jibu ninalolitetea ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya mashine hizi, fedha ya kwanza iende kwenye kung'oa diski inayozunguka na kuweka SSD. Si prosesa mpya, si kompyuta nyingine, na mara nyingi si RAM pia. Na sababu yake siyo ile inayoandikwa kwenye boksi.

Mashine hizi zilianza kazi mbali. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba hununua au kukodi kompyuta kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa mafungu, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Nairobi wanaziita ex-UK, hata zile ambazo hazijawahi kuiona Uingereza. Ni bidhaa nzuri. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri nazo kila siku, kibodi yake inabadilishika, kifuniko cha chini kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Udhaifu wake uko ndani. Ofisi nyingi, kwa kuogopa siri zao kutoka nje, hung'oa diski na kuziharibu kabla ya kuuza mashine, na aliye katikati ya biashara hupachika diski yoyote aliyoipata kwa bei ya chini. Mwaka mzima una saa 8,760, na si ajabu kukuta diski iliyokwishazunguka zaidi ya hapo mara mbili au tatu ikiuzwa kama sehemu ya kompyuta "safi". Lugha ya sokoni nayo inalificha jambo hili. Muuzaji anataja: Core i5, kizazi cha sita, RAM nane, diski mia tano. Mnunuzi anauliza betri inakaa saa ngapi na bei inapungua mpaka wapi. Aina ya diski haiulizwi. Pembeni yake pana mashine kama hiyo yenye SSD ya GB 256, na kwa anayelinganisha namba, 500 ni kubwa kuliko 256. Anachukua ya 500 na kuondoka akijiona mjanja.

Diski ngumu ni sahani zinazozunguka, na juu yake mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea. Asili yake ni mwaka 1956, IBM ilipotoa kutoka San Jose, California, mtambo wa 350 wa mfumo wa RAMAC: sahani 50, kila moja ya kipenyo cha inchi 24, zote pamoja zikibeba herufi milioni 5. Tangu hapo sahani zimekuwa ndogo za kuenea kiganjani na uwezo wa kubeba umepanda mno, ila utaratibu umebaki ule ule: ili data isomwe, mkono sharti usogee hadi kwenye mstari wake, halafu usubiri sahani izunguke mpaka sehemu inayotakiwa ipite chini ya kichwa. Diski za kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 na ushei, na kwa wastani kichwa husubiri nusu ya hizo, yaani 5.6. Ongeza milisekunde kama 12 za mkono kusogea, unapata 17 au 18 kwa kila ombi dogo. Maombi yakiwa yametawanyika huku na huko, diski hii haitimizi zaidi ya 60 hivi kwa sekunde. Sasa ipe kazi ya kuwasha Windows, ambayo haisomi faili moja kubwa bali inaokota maelfu ya vipande vidogo kutoka kila pembe. Tuseme ni vipande 10,000: kwa milisekunde 17.6 kimoja, ni karibu dakika 3. SSD haina sahani wala mkono. Data yake imo ndani ya chipu za aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987, na kukifikia kipande chochote huchukua kiasi cha sehemu ya kumi ya milisekunde, au pungufu. Vipande vile vile 10,000 ni sekunde 1. Hii ni hesabu ya mezani, nakubali. Windows hupanga maombi kwa utaratibu na mengine huyasoma mapema, na prosesa ina kazi zake ambazo diski haiwezi kuzifupisha. Kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko hilo. Lakini hata likipungua mara kumi, bado ni pengo ambalo hakuna prosesa ya kizazi kimoja au viwili mbele inayoweza kuliziba.

Anayepanda basi la Arusha anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo kilomita zaidi ya 600 zingekwisha ndani ya saa nane hivi. Hazikwishi. Kuna foleni ya kutokea Mbezi hadi Kibaha, kuna mizani ya Vigwaza, kuna vibao vya 50 kila penye kijiji, kuna kusimama kula Korogwe, kuna mizani nyingine karibu na Himo, na katikati ya yote hayo yupo trafiki na tochi yake. Mwenye basi akifunga injini yenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa hatafika mapema, kwa sababu safari yake inaliwa na visimamo. Maboksi ya SSD hutangaza mwendo wa juu kabisa: MB 550 kwa sekunde kwa SSD inayounganishwa kwa njia ya zamani ya SATA, 3,500 kwa ile ya njia mpya zaidi ya NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe, 7,000 kwa kizazi cha nne. Si namba za uongo, ila ni za faili moja kubwa lililonyooka. Diski ngumu nayo, ikipewa faili refu lililopangika, inasoma MB 100 hivi kwa sekunde, na hiyo si ya kudharauliwa. Ipe vijifaili vilivyotawanyika, haifikishi hata MB 1. Kazi za mtu wa kawaida ni hizo za kutawanyika: kuwasha, kufungua Word, kufungua kivinjari chenye kurasa kumi na tano huku programu ya kinga dhidi ya virusi inapekua chinichini. Ndiyo maana kutoka diski ngumu kwenda SSD ya SATA, hata ya bei ya chini, mabadiliko yanaonekana kwa macho, ilhali kutoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi hizo hizo, wengi hawatautambua utofauti bila saa ya kupimia. Anayehariri video ndefu ana hesabu yake tofauti. Kwa wengine, fundi anayesema SSD ya SATA imepitwa na wakati anamuuzia mteja namba.

Wapo mafundi, na si wajinga, wanaoshikilia kuwa RAM ndiyo ya kwanza. Hoja yao ina mantiki: RAM inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hapo ndipo mashine inapoganda, ukiongeza RAM umeipunguzia diski mzigo. Lakini hoja hii haihitaji ubishi wa mdomo, kwa kuwa mashine yenyewe inatoa ushahidi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifungue dirisha la Task Manager, kisha fanya kazi zako kama kawaida ukilitupia jicho. Kwenye mashine nyingi za barabara hii zilizo na diski ngumu, dakika za kwanza baada ya kuwaka safu ya diski husimama kwenye asilimia 100 wakati prosesa iko 10 au 15. Prosesa ile ambayo mnunuzi aliililia bei imekaa haina la kufanya, inangoja. Kama RAM nayo iko juu ya asilimia 90, vyote viwili vinahitajika, na hata hapo ningeanza na SSD. Kinachofurika kutoka kwenye RAM kitaangukia kwenye diski ya haraka, na mashine itavumilika mpaka fedha ya RAM ipatikane. Kinyume chake hakifanyi kazi: RAM ya GB 16 haiwashi mashine mapema, wala haifungui faili ambalo bado liko kwenye sahani. Ninachokubali bila shingo upande ni kwamba mashine yenye RAM ya GB 2 haina mjadala, ianze na RAM. Na kwamba safu ya prosesa ndiyo ikiwa inagota 100, kama ilivyo kwenye vikompyuta vingi vya bei rahisi vyenye Celeron dhaifu, SSD haitafanya muujiza. Vingi kati ya hivyo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi na haibadilishiki hata ukitaka. Hivyo hivyo kwa MacBook za miaka ya karibuni.

Kuanzia Mombo, milima ya Usambara na baadaye Upare inamsindikiza msafiri mkono wa kulia mpaka anapoanza kuitafuta Kilimanjaro mawinguni. Ndani ya basi wapo wanafunzi na watu wa maofisini wenye kompyuta magotini, wanamalizia kazi, na basi linapita juu ya matuta ya barabarani kijiji baada ya kijiji. Kichwa cha diski ngumu hakigusi sahani; kinaelea juu ya tabaka la hewa linaloletwa na mzunguko wenyewe, kwa nafasi ya nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kishindo kikiipata diski ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na mkwaruzo huo haufutiki. Watengenezaji walilijua hilo vizuri: mwaka 2003 IBM ilianza kuweka kwenye ThinkPad kifaa cha kuhisi mtikisiko, kinachokiondoa kichwa juu ya sahani pale mashine inapoanguka. Tusiitie diski chumvi, hata hivyo. Ikiwa imezimwa, kichwa chake kimeegeshwa pembeni, na safari nzima ya Dar hadi Nairobi ndani ya begi haiidhuru. Inayoidhuru ni tabia ya kufunga kifuniko, kuitia mashine begini na kurukia bodaboda kabla sahani hazijasimama. SSD haina cha kusimamisha.

Hewa hiyo hiyo ina jambo lingine, na hapa ndipo Moshi inapoingia. Kwa kuwa kichwa kinaelea juu ya hewa, hewa ikiwa nyepesi mno kinashuka, na kwa sababu hiyo diski ngumu nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha kufanya kazi cha takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro, kituo cha Mandara kiko mita 2,720, ndani ya kikomo. Horombo kiko 3,720, nje yake kabisa. Mwezi Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi Horombo. Kwa hiyo leo mpanda mlima anaweza kutuma barua pepe kutoka mahali ambapo diski ngumu ya kompyuta yake haina dhamana ya kuzunguka salama. Sidai kwamba wasomaji wengi watafungua kompyuta Horombo, wala kwamba diski hufa papo hapo ikivuka mita 3,000. Nasema tu kwamba waongoza watalii, watafiti na wapiga picha wanaofanya kazi kwenye mlima huo wanayo sababu ya ziada, iliyoandikwa na watengenezaji wenyewe.

Arusha ndiko pingamizi zito linakosikika sana, kwa kuwa ni mji wa kampuni za utalii na picha zake nyingi: SSD inaisha. Ni kweli, inaisha. Kila seli ya NAND inastahimili kuandikwa na kufutwa kwa idadi fulani ya mara, na ndiyo maana watengenezaji hutaja jumla ya data unayoweza kuandika ndani ya dhamana. Tuchukue SSD ya bei ya chini inayopatikana kila duka, Kingston A400 ya GB 240: dhamana yake ni TB 80. Mtu wa ofisini akiandika GB 20 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, zinamchukua siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Bawaba za kifuniko zitakuwa zimekwishakatika. Samsung 870 EVO ya GB 250 imepewa TB 150, karibu mara mbili ya hiyo. Anayeogopa kuimaliza SSD kwa kuitumia, huku diski yake ngumu ina saa elfu ishirini za watu wengine, anaogopa mahali pasipo na hatari.

Kuna pingamizi tatu ambazo hazizungumzwi sana, nami naziona nzito kuliko hiyo. Ya kwanza ni kwamba SSD haiagi. Diski ngumu inayokufa aghalabu hugonga na kukwama siku kadhaa, na mwenyewe anapata wasaa wa kuokoa vitu vyake; SSD inaweza kuwa nzima jioni na asubuhi isionekane kabisa. Ya pili, picha ukizifuta kwa bahati mbaya kwenye diski ngumu, fundi mwenye programu ya kuokoa data ana nafasi nzuri ya kuzirudisha, lakini Windows tangu toleo la 7 huiambia SSD isafishe sehemu zilizofutwa, na baada ya hapo hakuna cha kurudisha. Ya tatu ni kulala bila umeme. Viwango vya JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, vinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imetumika hadi mwisho wa uwezo wake, ihifadhi data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi joto 30. SSD mpya hukaa zaidi ya hapo, ila kuifungia kabatini miaka mingi Dar es Salaam na harusi za familia ndani yake si busara. Hapa jibu langu halibishani na mpinzani, linakubaliana naye: SSD ni ya kufanyia kazi, siyo ya kuwekea kumbukumbu pekee. Diski ngumu iliyotolewa isitupwe. Inunuliwe kava la USB, ambalo ni la bei ndogo, iwe hazina ya picha na nakala za akiba, kazi ambayo upole wake hauna madhara. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, kompyuta iliyokufa betri, inayoishi kwa kuchomekwa ukutani, ibadilishiwe betri pia. Umeme kukatika ghafla katikati ya kuandika ni hatari kwa diski ya aina yoyote.

Ufundi wenyewe ni mwepesi kuliko unavyosimuliwa. Chukua ThinkPad T430, mashine ya mwaka 2012 ambayo bado inauzwa barabara hii. Zima, ng'oa betri, geuza mashine. Skrubu moja inashikilia kifuniko kidogo cha pembeni. Ikitoka, unaona utepe wa plastiki, unauvuta, na diski inateleza nje ikiwa imevikwa mipira miwili ubavuni. Ivue mipira hiyo, ivishe SSD ya inchi 2.5, isukume ndani mpaka meno yake, 7 ya data na 15 ya umeme, yaingie kwenye soketi bila kulazimishwa. Mashine za baadaye zina nafasi za M.2, kijikadi cha upana wa milimita 22 na urefu, mara nyingi, wa 80, na hapo ndipo fedha za watu hupotea: kadi ya SATA na kadi ya NVMe zinafanana kwa umbo, lakini soketi ya SATA haiitambui NVMe. EliteBook 840 G3 ina nafasi ya inchi 2.5 pamoja na ya M.2, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kuweka SSD ya Windows na kubaki na diski kubwa ya mafaili. Jina kamili la mashine lijulikane kabla ya kununua chochote. Kinachobaki ni Windows: ama unahamisha diski nzima kama ilivyo kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, ama unapiga Windows upya. Mimi naegemea kupiga upya. Mashine iliyopita mikono mingi ina takataka za kila mmoja, na kuzihamishia kwenye SSD ni kumwekea mpangaji mpya uchafu wa yule wa zamani.

Namanga, ambako tangu 2018 Watanzania na Wakenya wanahudumiwa kwenye kituo kimoja cha mpakani, ni mahali pazuri pa kukumbuka bidhaa bandia, kwa sababu hizo hazijali mpaka. SSD inayotangazwa kuwa na TB 2 kwa bei ya GB 240 haina TB 2. Ndani yake huwa mna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya: Windows inaonyeshwa TB 2, mafaili yanakubalika, na nafasi halisi ikijaa yale mapya hupotea au huandikwa juu ya yale ya zamani. Kinga yake ni programu ya H2testw, ya bure, inayoijaza diski nzima kisha kuisoma tena na kulinganisha. Kwa zilizotumika, CrystalDiskInfo inaonyesha saa ambazo diski imewashwa na hali ya afya yake. Duka linaloruhusu vipimo hivi viwili kabla ya kulipa linastahili kulipwa zaidi kidogo.

Luthuli, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, ndiko hesabu ya mwisho inapofungwa, na hapo pingamizi kubwa ni kwamba kutengeneza kitu cha zamani ni kutupa fedha. Linapata nguvu kutoka kwa Microsoft wenyewe: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. T430 na 840 G3 haziko kwenye orodha. Kuna nyongeza ya viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha, hadi Oktoba 2026, na kuna mfumo wa Linux Mint usiojali kizazi, ambao juu ya SSD unaifanya mashine ya 2012 itumike vizuri kwa maandishi, intaneti na masomo. Lakini jibu langu kuu ni jingine: SSD ya inchi 2.5 haizeeki pamoja na mashine. Siku T430 inapokufa, inachomolewa na kupachikwa kwenye inayofuata, au inatiwa kwenye kava. Fedha iliyowekwa kwenye prosesa huzikwa na bodi yake. Ni kweli pia kwamba tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinazinunua kwa pupa, na SSD si rahisi kama zamani. Kupanda huko kunaigusa pia kompyuta mpya, ambayo ndani yake zimo chipu hizo hizo pamoja na vingine vyote unavyolipia. Anayelazimika kubadilisha mashine kwa ajili ya Windows 11 atafute ya kizazi cha nane, kama ThinkPad T480, na akiikuta ina diski ngumu asiikimbie; aitumie kasoro hiyo kushusha bei.

Kwa hiyo, msomaji, iwe Kariakoo au Luthuli, usianze na kizazi cha prosesa. Omba mashine iwashwe mbele yako. Usiridhike na kuizima na kuiwasha, kwa kuwa Windows siku hizi huzima nusu nusu ili ionekane inawaka haraka. Chagua Restart, ndipo inaanza kweli, na uhesabu mpaka itulie. Fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, utazame chini ya neno Disk: imeandikwa HDD au SSD. Ikiwa HDD, toa bei ya SSD kwenye bei unayotajiwa kabla hamjaanza kupatana. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka la jirani.